Kumbukumbu ya mradi wangu: kujifunza kumwelekeza mtu mbele ya kamera

Jana nimemaliza kipindi cha sita cha kupiga picha za watu, kati ya kumi nilivyojipangia. Taa ni moja, yenye mwavuli wa kulainisha mwanga. Lenzi ni moja pia, ya milimita 85. Nimejifunga hivyo makusudi, ili nguvu zangu zote ziende kwa mtu aliyesimama mbele yangu. Mwanga naumudu, kilichokuwa kikinishinda ni kusema.

Vipindi viwili vya mwanzo niliingia na karatasi ya mapozi. Namwonyesha mchoro, anauiga, napiga. Picha zikatoka zimekauka: mwili uko mahali pake, mwenyewe hayumo.

Cha tatu ndicho kilichonigeuza. Nilikuwa nimeinamia skrini, kimya, nikikagua mwanga. Niliyekuwa nikimpiga picha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimekosea?" Hakukosea popote. Nilipozipanga picha za siku ile kwa mfuatano, niliona mabega yake yakipanda polepole kuelekea masikioni kadiri nilivyozidi kunyamaza. Iliniuma sana. Tangu hapo nasema kila ninachofanya: "Uko vizuri, narekebisha taa tu."

Kulia na kushoto nimeviacha, maana tukitazamana, kulia kwangu ni kushoto kwake. Nasema "pua ielekee kwenye taa", au nafanya mkao mwenyewe naye ananifuata kama anajitazama kwenye kioo. Kidevu nacho: nikisema "kishushe", ngozi ya shingo inajikunja. Nikisema "niletee paji la uso kidogo", shingo inanyooka na taya linachorwa vizuri.

Miguu haikunisumbua. Uzito ukihamia mguu wa nyuma, nyonga inalala na goti la mbele linajikunja lenyewe.

Mikono, hiyo ndiyo imenila muda. Kiganja kikikabili kamera, au mgongo wake, mkono unaonekana mpana na kushindana na uso. Ukigeuzwa ubavu, upande wa kidole cha mwisho, unakuwa mwembamba na vidole vinarefuka. Lakini mwambie mtu "legeza vidole" uone vinavyokakamaa! Kwa hiyo jana nilimwambia akung'ute mikono kana kwamba ametoka kunawa, kisha atafute mkufu shingoni, taratibu. Nikapiga kabla vidole havijagusa ngozi. Kidole cha shahada kimetangulia, vingine vinafuata kwa kupishana, kifundo cha mkono kimepinda kidogo tu, na macho yameshuka kufuata mkono. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo, na hakuna pozi lolote nililomtajia.

Nilimfikiria mpiga picha Yousuf Karsh, kule Ottawa, Kanada, Desemba 1941. Alimchomoa Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, sigara yake nene (siga) mdomoni kisha akapiga, na uso ule uliokunjamana ndio unaokumbukwa hadi leo. Mimi simshiki mtu wala kitu chake bila kumwomba ruhusa, hata kola ikiwa imepinda. Ila naelewa alichokipata: uso ulikuwa na jambo la kujibu.

Kipindi cha saba ni cha kukaa. Mtu akijilaza kwenye mgongo wa kiti, tumbo linajikunja na mapaja yanatanuka, hivyo nimetenga stuli isiyo na mgongo. Nitamwomba akae ukingoni. Karatasi ya mapozi haiingii tena studio. Badala yake nimeandika vitendo vitano vya kumpa: kufunga kifungo cha mkono wa shati, kugeuka kama ameitwa, kupuliza vumbi kiganjani, kufunga kamba za kiatu, kusikiliza sauti iliyo mbali.