Hadithi ianze nyumbani: kumbukumbu ya mradi wetu wa Ekodim, Majengo, Goma

Oktoba

Darasa letu la Ekodim, yaani shule ya Jumapili, liko nyuma ya kanisa, hapa Majengo: kuta za mbao, mabati juu, na chini mawe ya volkano yaliyofunikwa mchanga. Watoto wanaingia saa mbili asubuhi, kuanzia wa miaka minne mpaka wa kumi na miwili, na saa tatu wanaungana na wakubwa ibadani. Ukitoa nyimbo, maombi, sadaka na kuita majina, hadithi ya Biblia inabakiwa na dakika chache sana. Halafu juma zima linapita bila mtoto kuisikia tena.

Kwa hiyo mwaka huu, sisi wamonitere, walimu wa Ekodim, tumekubaliana na wazazi kugeuza utaratibu. Mzazi ataisimulia hadithi kwanza, nyumbani, na Jumapili mtoto atakuja kutusimulia sisi. Saa yetu ya Jumapili itakuwa ya kusikiliza, kuuliza na kuomba pamoja.

Tulipolieleza jambo hili kanisani, mchungaji alisoma Kumbukumbu la Torati 6:7: “nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo.” Nyumba, njia na kitanda ndivyo vinavyotajwa pale. Timotheo naye, Paulo anamkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Shule za Jumapili tunazozifahamu zilikuja nyuma sana. Robert Raikes alifungua yake huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, kwa watoto waliofanya kazi siku sita za juma na hawakujua kusoma. Ni kazi njema, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini haikukusudiwa kumwondoa mama kwenye nafasi yake.

Njia tuliyochagua ni rahisi. Kila Alhamisi ninarekodi hadithi kwa sauti, kwa Kiswahili chetu cha Goma, na kuituma kwa wazazi kwenye WhatsApp. Haizidi dakika tatu, maana mega za intaneti ni ghali. Wasio na simu wanasimuliwa kwa mdomo siku moja kabla, Jumatano, kwenye maombi ya mamas, yaani akina mama. Mama asiyejua kusoma hana kizuizi chochote hapa: anasikia, anashika, anasimulia, kama hadithi hizi zilivyosimuliwa tangu zamani. Na akipenda kuisimulia kwa Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Mashi, ni vizuri zaidi. Mtoto atatuletea kwa Kiswahili.

Swali lililobaki lilikuwa saa. Mamas wengi wa darasa hili wanauza sokoni Virunga au Birere na kufika nyumbani giza likiingia. Mama mmoja ndiye aliyetupa jibu: maharagwe. Maharagwe yakiwa juu ya mbabula, jiko la makaa, yanachukua muda mrefu, na watoto wote wako palepale wanasubiri. Tukakubaliana kwamba hadithi itasimuliwa saa ya maharagwe.

Novemba

Luka 5, wanafunzi na nyavu. Nimeifundisha hadithi hii mara nyingi, na sijawahi kuisikia kama nilivyoisikia mwezi huu.

Kuna mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na ndugu zake ni wavuvi. Tulimwomba aje darasani Jumapili hiyo, baada ya watoto kusimulia. Akawaeleza jinsi mitumbwi mitatu inavyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikawashwa, wavu ukashushwa usiku kucha. Akawaambia kwamba usiku wa mbalamwezi samaki hawafuati taa vizuri, na watu wanarudi na njaa. “Ukimwona mvuvi asubuhi anaosha wavu,” akasema, “ujue siku yake imekwisha. Petro alikuwa anaosha wavu.” Kisha akawauliza watoto: mchana sambaza wako wapi? Mvulana mmoja wa Kyeshero akajibu haraka: chini, kwenye maji meusi. “Basi Yesu alimwambia ashushe wavu saa hiyo.”

Hapo maneno ya Petro, “tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu,” yakawa maneno ya watu wanaowafahamu. Hata “lakini kwa neno lako” ikapata uzito wake, maana sasa walijua Petro alikuwa anakubali jambo ambalo kila mvuvi angelikataa. Wakubwa waliendelea wenyewe mpaka nyavu kutaka kukatika, wenzao wa chombo cha pili kuitwa, na vyombo vyote viwili kujaa hadi karibu kuzama.

Tulichora ubaoni maziwa mawili. Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi na liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Kivu letu lina urefu wa kilomita 90 hivi na liko karibu mita 1,460 juu yake. Watoto walishangaa kwamba ziwa la Yesu lilikuwa dogo kuliko la kwao. Nimeamua kuanzia sasa kila hadithi ya ziwa nitaikabidhi kwa mtu wa ziwa.

Noeli

Tulisimulia Mathayo 2, Yosefu akiamka usiku na kumchukua mtoto na mama yake kwenda Misri. Katika mji huu hadithi hiyo haihitaji picha. Watoto wetu wengi wamekwisha kukimbia usiku, wengine wamelala kambini, na wote wanakumbuka Januari 2025, vita vilipoingia mjini.

Msichana mmoja aliuliza nyumbani: godoro lao nani alibeba? Bibi yake akamjibu kwamba Yosefu alibeba godoro kichwani na dhahabu ya mamajusi waliiuza njiani kununua chakula. Jumapili mtoto akaja kutuambia hivyo kwa furaha kubwa, kama jambo lililoandikwa.

Hapo tulikaa na wazazi baada ya ibada tukazungumza vizuri. Bibi yule alisimulia kwa upendo, na alifikiri sawasawa: familia inayokimbia hula nini? Sitaki mzazi yeyote aogope kufikiri hivyo. Ila tumekubaliana kwamba kila mzazi awe na sentensi hii mdomoni: “Biblia haisemi, lakini mimi nafikiri hivi.” Mtoto ajue palipoandikwa na palipofikiriwa. Tukapitia pamoja mambo mengine ambayo wengi wetu tumeyasimulia kama Maandiko: Mathayo anataja dhahabu, uvumba na manemane, lakini hasemi mamajusi walikuwa watatu, Mwanzo 3 inasema tunda, haisemi tufaa. Papa mmoja, yaani baba wa mtoto, alifungua Biblia yake palepale, akasoma sura nzima akitafuta tufaa, akacheka, akasema atamwambia mwanawe jioni hiyohiyo.

Bibi anaendelea kusimulia. Siku hizi mjukuu wake ndiye anayemuuliza, “Hiyo Biblia inasema, ao ni wewe unasema?”

Januari

Nilikuwa nimeiweka Yoshua 4 mwezi huu kwa makusudi. Januari ni mwezi mzito Goma: 17 Januari 2002 moto wa volkano yetu, Nyiragongo, ulishuka mjini, na Januari 2025 vita viliingia. Watu hawapendi kuyasema mbele ya watoto, na watoto wanabaki na maswali.

Katika Yoshua 4, Israeli wamevuka Yordani. Mtu mmoja wa kila kabila anachukua jiwe katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama, na mawe yote kumi na mawili yanasimamishwa Gilgali. Sababu imetajwa wazi: siku moja watoto watauliza baba zao mawe haya maana yake ni nini, na baba watajibu. Kutoka 12 inafanya vivyo hivyo kwa Pasaka: mtoto anauliza, mzazi anaeleza. Mungu ameacha nafasi ya swali la mtoto ndani ya agizo lenyewe. Hilo ndilo lililotufanya tuombe wazazi waje darasani, kila mmoja na jiwe, na watoto wapewe kazi moja tu ya kuuliza.

Mawe hapa si ya kutafuta. Ni msingi wa nyumba, ni ukuta wa kiwanja, ni barabara inayotoboa viatu.

Papa mmoja, ambaye mwaka 2002 alikuwa na umri wa wakubwa wa darasa letu, aliweka jiwe lake mbele. Akasimulia jinsi moto ulivyopita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Jinsi walivyovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na waliporudi ardhi ilikuwa bado na joto chini ya miguu. Nyumba ambamo wanawe wanalala leo imejengwa juu ya mawe hayo, na kwa mawe hayo. Watoto wake wawili walikuwepo. Hawakuwahi kuyasikia.

Mwingine akasimulia 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mbingu nyekundu, na asubuhi yake ni Pentekoste. Moto ulisimama Buhene, karibu nasi. Mtoto mmoja akauliza: kama Mungu aliusimamisha, mbona nyumba za Buhene ziliungua?

Hakuna monitere aliyejibu. Mama mmoja akainuka na jiwe lake. “Mtoto wangu, yangu iliungua. Mimi jiwe langu si la nyumba. Ni la watu wa Sake waliotufungulia mlango tukiwa saba.” Akaliweka pamoja na mengine, akaketi.

Sikuongeza neno. Nimefikiri baadaye kwamba mawe ya Gilgali pia yalisimamishwa na watu ambao baba zao wengi walikufa jangwani, na hawakuyaficha hayo kwa watoto. Mawe yetu yamebaki kwenye kona ya darasa. Kila anayefika mgeni anaulizwa na watoto kama ameleta lake.

Machi

Daudi na Goliathi ilitupa kazi. Wavulana walikuwa wameigeuza michezo ya bunduki za miti hata kabla ya Jumapili. Mamas waliomba hadithi ianze na 1 Samweli 16, Daudi akichunga kondoo wa baba yake, na isimame muda mrefu pale anaposema anakuja kwa jina la Bwana. Nimekubaliana nao. Vita tunavisimulia, maana viko katika Biblia na viko hapa, silaha hatuziigizi.

Aprili

Baada ya Pasaka nimetazama daftari la mahudhurio ya wazazi. Mamas wapo, bibi wapo, dada wakubwa wanaolea wadogo zao wapo. Papa ni wachache. Wengi wako kwenye moto, yaani pikipiki za abiria, au wanasukuma chukudu, baiskeli za mbao za mizigo, kutoka alfajiri, na simu yao ya nyumbani inabaki na mama.

Tumeona kwamba Jumamosi baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, wanakuwa huru kidogo kabla ya kurudi kazini. Kwa hiyo hadithi ya Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50, tumeigawa vipande na kuwapa papa peke yao. Kila mmoja anaisikia Jumamosi, anaisimulia nyumbani jioni, na anakuja na mtoto wake kesho yake. Motari mmoja amechukua sura ya 37, vazi na shimo. Fundi seremala ameomba gereza. Papa wa chukudu amesema anataka kusafirisha nafaka ya Misri, kwa hiyo sura ya 42 na magunia ni yake. Sura ya 45, Yusufu anapojitambulisha kwa ndugu zake, bado haina mtu. Wawili wanaitaka, na ni ndugu wa tumbo moja ambao hawajazungumza kwa muda mrefu. Mchungaji amewaomba waisimulie pamoja. Jumamosi ijayo watatupa jibu.