Unamtafuta Uliyesoma Naye Moshi? Anza na Shule, Jina Baadaye

Andika "Massawe" Facebook uone: utashusha ukurasa mpaka bando liishe. Majina mengi ya Uchagani ni ya ukoo, na kwa wanawake kazi ni ngumu zaidi. Aliyekuwa Shirima mwaka 1998 huenda leo anatumia jina la mume, au amejiandika Mama Brayani basi.

Anza na shule. Andika Weruweru au Old Moshi, ongeza mwaka mliomaliza, kisha tazama matokeo ya makundi kabla ya yale ya watu. Ukipata kundi, pekua picha za zamani. Chini ya picha ya kidato cha nne ndipo watu hutaniana kwa majina ya bwenini, na anayejibu utani huo ndiye mwenyewe, hata kama jina la akaunti hulijui. Ukikwama, mtafute kaka yake. Jina la ukoo hukuonyesha pa kuanzia: Swai na Kweka wengi asili yao Machame, Tarimo wengi Rombo. Kaka aliyebaki na jina la ukoo hupatikana upesi kuliko dada aliyeolewa Mwanza.

Namba ya zamani isikudanganye. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa baada ya 20 Januari 2020, na namba iliyolala muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine. Ihifadhi, fungua WhatsApp, angalia picha ndipo uandike.

Wengi huharibu kwenye ujumbe wa kwanza. "Mambo, umenisahau?" haujibiwi, maana matapeli nao huanza hivyo hivyo. Tena kama hamjawa marafiki, Facebook huuweka kwenye maombi ya ujumbe, mahali ambapo mtu anaweza kukaa miezi bila kupachungulia. Kwa hiyo tuma ombi la urafiki pia, na ujumbe uwe na jina ulilotumia shuleni, mwaka na mkondo, pamoja na jambo mnalolijua ninyi wawili: "Habari za siku nyingi. Ni Neema wa 4B, 1998. Tulikuwa bweni moja, wewe ndiye ulikuwa unagonga kengele." Namba ya simu usiiombe siku hiyo.

Akijitokeza upesi na shida ya pesa, mpigie simu ya kawaida usikie sauti, au muulize mwalimu wa hesabu mlimwitaje kwa siri. Akikuomba zile tarakimu sita zilizokuja kwenye simu yako, usimpe hata kama alikuwa kiranja mkuu: ndizo zinazohamishia WhatsApp yako kwake.

Grupu lisubiri mpaka mfike kumi hivi. Aliyezuia kuongezwa ovyo kwenye magrupu hupata mwaliko, nao hufa baada ya siku 3, basi mjulishe kabla hujamtumia. Wekeni maadmini wawili. Michango msiianze wiki ya kwanza; hakuna kinachowatoa watu haraka kama hicho.

Kukutana ni Desemba, Wachaga wakiwa wamepanda nyumbani. Tarehe 25 na 26 ziacheni, ni za kanisani na mbuzi wa familia. Tarehe 28 inafaa, tena mchana, ili wa Arusha wamalize kilomita zao 80 za kurudi kabla ya giza. Ukumbi ushikeni Oktoba.