Kakao ya Moshi

Chokoleti ya kwanza niliyoiona ikitengenezwa kwa mikono ilitokana na kakao iliyokataliwa na mnunuzi. Ilikuwa Januari 1998, nami nilikuwa na umri wa miaka 11. Tulikuwa tukiishi Kyela, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ambako baba alikuwa amehamishiwa kikazi akiwa bwana shamba. Asili yetu ni Tanga, na mama alihamia Kyela na vyombo vyake vyote vya kuokea, yaani sufuria tatu nzito, waya wa kupigia mayai alioachiwa na mama yake, na mfuniko mmoja wa bati nene ambao ukingo wake ulikunjwa kwa juu ili makaa yasiporomoke. Mfuniko ule aliusafirisha amempakata, kwa sababu aliamini kwamba huko tuendako hataupata mwingine.

Mvua za El Nino zilikuwa zikinyesha tangu mwaka uliotangulia, na zilivuruga kila kazi inayohitaji jua. Kyela ni mahali pa mvua nyingi hata katika mwaka wa kawaida, ndiyo maana mchele wake unasifika nchi nzima, na ndiyo maana mikakao hustawi kwenye kivuli cha migomba nyuma ya nyumba za watu. Lakini kakao ikishavunwa ni lazima ivundikwe, na ikishavundikwa ni lazima ianikwe. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kinyakyusa aliyeishi ng'ambo ya mfereji, alikuwa amezivundika punje zake kwenye sanduku la mbao, akazifunika kwa majani ya migomba na kuzigeuza kwa siku sita kama inavyotakiwa, mpaka lundo likapata joto lake na kuanza kunukia siki. Siku ya kuanika ilipofika, jua halikuonekana. Alingoja siku mbili, akaona zitaoza, akazipandisha kwenye uchaga juu ya meko yake ya kuni.

Zilikauka vizuri, lakini zilinywa moshi. Mnunuzi alichota kiganja kimoja, akanusa, akazirudisha gunia zima. Baba alitueleza jioni ile kwamba karibu nusu ya uzito wa punje ya kakao ni mafuta, na kwamba mafuta hushika harufu yoyote iliyo karibu nayo wala hayaiachii tena, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuuondoa moshi kwa namna yoyote. Alimwonea huruma sana yule bibi, lakini alikubali kwamba kwa kanuni za biashara ile hapakuwa na la kufanya.

Sisi watoto tuliijua kakao kwa ute wake tu. Tulilipasua tunda kwa kulipigiza kwenye jiwe, tukafyonza ule ute mweupe wenye utamu na ukali kidogo, kisha tukatema punje, kwa kuwa kila aliyezitafuna mbichi aliujua uchungu wake. Bibi naye, aliyekuwa akiuza kakao tangu kabla mama yangu hajazaliwa, alikuwa hajawahi kutia chokoleti kinywani. Aliwahi kumwambia mama jambo hilo bila malalamiko yoyote, kama mtu anavyosema kwamba hajawahi kufika Mwanza.

Siku ya 28 ya Ramadhani alikuja uani kwetu na kapu lenye kilo mbili hivi za zile punje. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia na kunipangusa matone ya mvua kichwani kwa kiganja chake, kisha akamwuliza mama kama bwana shamba hamjui mtu yeyote wa kuzichukua, hata kwa bei ya hasara.

"Niachie mimi, Mama," mama alimjibu. "Idi iko mlangoni. Nitaziokea kitu."

Mama hakuwa amewahi kutengeneza chokoleti kutoka kwenye punje. Kakao aliyoizoea Tanga ilikuwa ya unga, ya kwenye kopo. Lakini aliijua kahawa, na aliifikiria kakao kwa njia ya kahawa, kwamba kama buni hukaangwa, hupepetwa na kutwangwa, basi punje hizi nazo zitakwenda njia hiyo hiyo. Kesho yake baada ya adhuhuri aliwasha seredani, akaweka sufuria juu ya moto mdogo na kumimina humo vikombe vinne vya punje. Bibi alivuta kigoda akakaa, akaushika mwiko yeye mwenyewe. Alizigeuza bila kupumzika kwa muda wa nusu saa, na sikuona hata punje moja ikiungua. Zilipoanza kualika, harufu ilibadilika. Ile siki ya mwanzo iliondoka, ikaja harufu nzito na ya joto iliyoujaza ua mzima, nasi tulikuwa tumefunga.

Hapo ndipo lilipokuwa gumu la siku ile. Mama alifunga, mimi nilifunga, na dada zangu walifunga. Kazi yetu ilitegemea ulimi, kwa maana hapakuwa na kipimo chochote kilichoandikwa cha sukari kwa kakao ya namna hii, na kinywa pekee kilichokuwa huru jikoni kilikuwa cha bibi, muumini wa Kanisa la Moravian, ambaye hakuijua ladha tuliyokuwa tukiitafuta. Mama hakulitaabikia jambo hilo hata kidogo. Alimwambia tu, "Mama, utatuonjea," na bibi akaitikia kwa kichwa, kwa uzito wa mtu aliyepewa kazi.

Punje zilipopoa tuliziponda kwa viganja ili maganda yaachie, nami nikapewa ungo nipepete. Kisha tukatwanga. Kwa muda mrefu kilichokuwa kinuni kilikuwa unga mkavu, wa rangi ya udongo wa kichuguu, unaoruka kwa kila pigo la mchi. Halafu, pasipo kutiwa kitu chochote, unga ulianza kulowa. Mama aliusimamisha mchi, akachungulia, akaniuliza kama kinu kilikuwa na maji. Hakikuwa na maji. Yalikuwa ni mafuta ya kakao yenyewe, yameyeyuka kwa joto la kutwanga, yakaugeuza unga kuwa uji mweusi unaong'aa na kumnata mtu vidoleni. Bibi aliingiza kidole, akakiangalia kwenye mwanga wa mlangoni, akakigeuza upande huu na upande huu. Alikuwa amezishika punje hizi maisha yake yote, na hakuwahi kuona zinaficha nini.

Uji ule tuliupitisha kwenye jiwe lake la kusagia lililokuwa limepashwa moto kidogo juu ya makaa, mara mbili, ili upungue chenga. Hazikwisha zote. Sukari nayo ilitwangwa peke yake mpaka ikawa laini, na mama akaanza kuichanganya kwa vijiko, huku kila vijiko viwili akisimama na kumwelekezea bibi mwiko.

"Chungu," bibi alisema.

Mama akaongeza.

"Bado chungu, lakini imeanza kusema."

Mama akaongeza tena, na tena, na alipotaka kuongeza mara ya sita bibi aliuzuia mkono wake. "Hapo hapo, mwanangu. Ukizidisha utaipoteza kakao yangu."

Mama alikuwa mtu wa Pwani, na mkono wake wa sukari ulikuwa mzito. Peke yake angemimina mara mbili ya kiasi kile. Hadi leo chokoleti ninayoitengeneza haizidi utamu ulioamuliwa alasiri ile na mtu aliyekuwa akiionja kwa mara ya kwanza, na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Mikate ya mayai ya Idi ilikuwa kazi yangu, angalau kwa upande wa moto. Mkate wa mayai hauna hamira wala mafuta. Kinachouinua ni hewa iliyoingizwa na mkono kwenye mayai na sukari, mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mzito kiasi kwamba ukiinua waya, unaoshuka unakaa juu ya mwenzake kwa muda kabla ya kuzama. Mayai manane, kikombe cha sukari, kikombe cha unga uliochekechwa, iliki. Mama alijaribu kutia vijiko vichache vya kakao kwenye mkate wa kwanza, na mapovu yote yalikufa mbele ya macho yetu, kwa kuwa mafuta ni adui wa povu la yai. Mkate ule ulitoka mwembamba kama chapati. Aliuweka kando bila kusema neno, akaamua kwamba mikate iliyobaki itaokwa kama kawaida na chokoleti itamiminwa juu yake.

Kanuni yake ya moto ilikuwa moja, na aliisema kila mwaka: chini moto wa kupashia, juu moto wa kuivishia. Chini ya sufuria huachwa makaa matatu manne yaliyokwisha kuvaa majivu, na juu ya mfuniko hupaliwa makaa mpaka bati lisionekane. Wanaounguza mikate ni wale wanaopanga moto kama wa kupika wali. Tako la sufuria limegusana na mkate, kwa hiyo hupata joto moja kwa moja, ilhali joto la juu ni lazima lishuke kupitia hewa, nalo linahitaji nguvu zaidi. Nilikuwa nikiupenda wajibu ule kuliko kazi nyingine zote za nyumbani. Niliuinua mfuniko kwa koleo mara moja tu kwa kila mkate, na mitatu ilitoka imeumuka, ina ngozi ya hudhurungi.

Kosa langu lilikuja baadaye. Bakuli la chokoleti lilikuwa juu ya sufuria ya maji ya moto ili isigande, na pembeni yake ilikuwa sufuria ya ndizi za futari. Niliifunua kuangalia kama ndizi zimeiva, nikaupitisha mfuniko uliojaa mvuke juu ya bakuli. Matone yaliyoanguka hayakuzidi kijiko kimoja cha chai. Mama alipokoroga, ile chokoleti laini ilikakamaa papo hapo, ikawa madonge makavu kama udongo wa kufinyangia uliosahauliwa juani.

Nililia. Nilililia jasho la bibi kuliko chokoleti yenyewe, maana nilikuwa nimeona lile gunia likirudishwa. Mama hakunigombeza. Alichemsha maziwa, akayatia kwenye bakuli kijiko baada ya kijiko huku akisugua kwa mwiko, na kwa muda hali ilizidi kuwa mbaya. Kisha madonge yakalegea, yakarudi kuwa rojo lenye kung'aa. Leo naoka keki za kuuza na naelewa kilichotokea: chokoleti ni unga mkavu uliozama ndani ya mafuta, na maji machache huufanya unga huo ushikamane, lakini maji yakitosha huulowanisha wote na kuulainisha upya. Mama hakuyajua hayo. Alifanya kama afanyavyo kwa bada la muhogo lenye madonge, na kwa bahati yetu njema dawa ilikuwa ni ile ile.

Rojo lile lililotiwa maziwa halikufaa tena kuganda, kwa hiyo lilikwenda juu ya mikate. Bakuli la pili, ambalo mfuniko wangu haukulifikia, mama alilichanganya na karanga zilizokaangwa, akalitandaza juu ya jani la mgomba lililopashwa moto na kulikata pembe kama akatavyo kashata. Kwa kuwa mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili wa mtu, na Kyela ni mahali pa joto, tuliliweka lile jani kwenye sinia na kuliacha sinia lielee juu ya maji ya mtungi mpana usiku kucha. Asubuhi kashata zilikuwa zimeganda, lakini zimeota michirizi ya kijivu juu. Dada yangu alidhani ni ukungu. Yalikuwa ni mafuta yaliyopanda tu, na hayakuwa na madhara.

Magharibi ile, baada ya tende na maji, mama alikula kashata yake ya kwanza taratibu. Ilikuwa na chenga, ilikuwa chungu kidogo, na mwishoni, baada ya utamu kupita, ulibaki moshi, kama harufu ya kanga iliyoning'inizwa karibu na meko. Alifumba macho. Siku ya Idi tulimpelekea bibi sinia lenye mkate mzima na kashata kumi na mbili. Alikata, akala kwa utulivu, wajukuu zake wakiwa wamemzunguka, kisha akasema, "Moshi wangu umo." Akasema "Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara mbili, akalirudisha sinia limejaa mchele, maana sahani hairudi tupu.

Wiki iliyofuata alikuja tena mvuani. Safari hii alikuwa na kapu la kakao, mayai yaliyofungwa kwenye nyasi, na sufuria yake mwenyewe isiyo na mfuniko. Mama alitaka kumwazima ule wa kwetu, akakataa. Alitaka kujua kama ataweza kwa vyombo vya nyumbani kwake. Alikuwa amekuja na kipande cha bati la kuezekea, amekikunja kingo kwa nyundo pande zote nne. Mkate ulipokuwa tayari kufunikwa aliniita mimi, mwenye moto, akaniuliza aweke makaa mangapi. Nilimwambia aweke mpaka bati lisionekane, nikamshikia koleo.