Viwiko vya Mlango

Siku daktari aliponionyesha picha ya kichwa changu baada ya upasuaji, swali langu la kwanza lilikuwa, "Hizo skurubu ni za saizi gani?" Akacheka. Kipande cha fuvu walichokikata walikuwa wamekirudisha mahali pake, wakakishikiza kwa vibati vya titani na skurubu ndogo kuliko punje ya mchele. Miaka 11 nilikuwa nimeuza skurubu dukani pale Kibuye, Kisumu, za mbao, za bati, za jipsamu, na sasa nilikuwa na zangu juu ya sikio la kushoto. Nilitaka tu kujua huuzwa vipi.

Uvimbe wenyewe ulikuwa meninjioma, ule unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi si saratani, na hukua polepole sana. Huenda nilipanda nao ngazi ya duka na kushuka nao miaka na miaka. Ulijitangaza Novemba 2018, kifafa kiliponiangusha nyuma ya kaunta. Msamaria mmoja akanitia kijiko mdomoni, jambo ambalo halifai kabisa, na jino langu la mbele lililomeguka ni shahidi. Januari nikapasuliwa. Habari za wodi naziacha, wodi zote hunuka mamoja.

Machi 2019 nikarudi kazini. Sikuwa nimepona, ni pesa zilizokuwa zimekwisha. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi mgonjwa apewe angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Tajiri wangu aliisoma sheria hiyo kama anavyopima waya: ilipoishia, akakata. Lakini nafasi yangu hakumpa mtu, na hilo pia nalisema.

Nilifika kwa tuktuk, kitambaa kichwani, joto la Kisumu likichemsha mshono chini yake. Dawa za kupunguza kuvimba kwa ubongo nilikuwa nimezimaliza, ila uso ulikuwa bado mviringo kama andazi. Wateja watatu waliniambia nimenona, likizo imenikubali. Niliitikia, "Asante."

Masharti ya daktari yalikuwa mawili: nusu siku tu, na nisipande ngazi, maana nilikuwa bado kwenye vidonge vya kuzuia kifafa. Rafu za duka lile zinafika darini. Basi nikapewa kijana wa kupanda. Yeye awe miguu, mimi niwe mdomo. Mpango mzuri, ila mdomo ndio ulioharibika, na sikuwa nimemwambia mtu. Nyumbani nilikuwa nikisema "nipe kile kitu" na watoto wananielewa. Watoto wa mama yeyote wanaelewa "kile kitu".

Masika yalikuwa yanabisha hodi, kwa hiyo duka lilijaa watu wa mabati, kofia za paa na gata. Misumari ilikuwa karibu na mkono, sikuhitaji kuitaja. Nikaenda vizuri mpaka kama saa nne, akaingia fundi mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, akaweka chuma kikuukuu juu ya kaunta.

"Dada, kama hii. Nne."

Nikaishika. Inchi 4, mbawa mbili zilizoshikana kwa pini katikati, kutu imekula tundu moja. Nilijua kila kitu chake. Nilijua iko rafu ya tatu, upande wa makomeo, katika katoni iliyochanika pembe. Nilijua inakula skurubu ngapi. Jina tu ndilo halikuwapo. Na haikuwa kusahau, maana ukisahau, neno huwa linakuchezea kwenye ncha ya ulimi. Hapa palikuwa kama ukutani palipong'olewa msumari: tundu safi, hakuna kitu.

Kijana alikuwa ameshafika juu. "Anti, nilete gani?"

"Leta komeo," nikasema, na nikajua si komeo hata kabla sijamaliza kulitamka. Akashusha komeo.

"Siyo hiyo. Leta kufuli."

Foleni ikaanza kunung'unika. Jasho likanishuka chini ya kitambaa mpaka shingoni. Nikainua mkono, nikaukunja na kuukunjua mbele ya watu wote, kama mlango. "Kiwiko," nikasema. "Leta kiwiko cha mlango."

Kijana alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Fundi hakucheka. Alitazama kitambaa changu, kisha akachukua chuma chake, akakifungua, akakifunga, kikalia kwa kutu.

"Kweli, ni kiwiko," akasema. Akapaza sauti kwa kijana: "Viwiko vinne, vya inchi nne! Na skurubu zake!"

Kijana akaleta zenyewe, bila kukosea.

Watu wengi hukimbilia kukupa neno, kama mtu anayekuokotea sarafu uliyoiangusha, nawe unashukuru huku unaona haya. Huyu neno alikuwa nalo, ni kazi yake, lakini alilichukua langu akalitumia. Kwenye kitabu cha mauzo nikaandika: viwiko 4.

Saa sita kichwa kilikuwa kimezimika. Ilinipasa niende nyumbani, ila siku hiyo mvua iliwahi. Ilitoka ziwani bila hodi, na tuktuk zikapotea zote barabarani. Nikaketi kwenye kibao mlangoni. Tajiri naye, kwa kukosa wateja, akafungua kitabu na kuanza kupekua.

"Hivi viwiko ni nini?" akauliza. "Tumeanza kuuza nyama?"

"Hinji," nikamjibu, macho yangu yakiwa barabarani.

Ilipita kama dakika nzima ndipo nikasikia nilichosema. Nikalirudia neno polepole, kwa sauti. Bati lilikuwa linapigwa na mvua, sidhani alinisikia.