ADHD yangu na programu za simu: zilizobaki na zilizofutwa

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni huu: "Pakua Notion, upange maisha yako yote humo." Mwenye ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini, ukimpa Notion, programu ya kuandika na kupanga mambo, atakesha anachagua rangi na kuchora majedwali, na kazi yenyewe haijaguswa. Kupanga kunanoga kuliko kufanya. Kabla hujapakua chochote, jiulize unakwama wapi: kukumbuka, kuanza, au kuiachia simu.

Kukumbuka nimeachia Google Calendar, basi. Kila jambo naliwekea taarifa mbili, dakika 30 kabla na dakika 5 kabla. Ya kwanza peke yake haitoshi, maana utasema "bado kidogo" na limepita hilo.

Kuanza ndiko kwenye kazi. Hapa natumia Alarmy, kengele isiyonyamaza mpaka utimize sharti, na sharti nililochagua ni kuskani msimbopau, ile mistari myeusi kwenye pakiti za bidhaa. Wengi husajili dawa ya meno ili waamke. Mimi nilikata msimbopau wa boksi la majani ya chai nikaubandika kwa selotepu mezani, pembeni ya kompyuta. Saa tatu asubuhi simu inalia, na hakuna namna ya kuinyamazisha bila kwenda mezani. Nikishafika pale nimeshaketi, na faili la kazi nililiacha wazi tangu jana usiku. Bandika palipo na mwanga, kamera haisomi gizani, na usisajili kitu cha jikoni ambacho mtu atakitupa.

Simu nyingi za Android huua programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, kengele isilie, kisha watu wanailaumu programu. Ingia Mipangilio, Programu, chagua jina lake, fungua Betri, uiondolee vizuizi. Kwenye Xiaomi, Tecno na Infinix ruhusu pia ijiwashe yenyewe.

Pomodoro, yaani kufanya kazi dakika 25 na kupumzika 5, inasifiwa mno. Siku mbaya 25 ni nyingi, weka 10. Siku umezama kwenye kazi, kengele ya mapumziko inakutoa na kurudi ni shughuli, kwa hiyo izime.

Kuachia simu: Forest inapanda mti unaokufa ukitoka kwenda kuperuzi. Inafanya kazi mpaka utamu wa upya uishe, na kwetu sisi unaisha haraka. Digital Wellbeing, zana ya kuwekea programu kikomo cha dakika kwa siku, iko kwenye simu nyingi za Android tayari, bure. TikTok ikimaliza dakika zake inafungwa mpaka usiku wa manane. Kikomo unaweza kukiondoa mwenyewe, ndiyo, lakini lazima uzunguke kwenye mipangilio, na uvivu huo unasaidia.

Programu nyingi za kulipia zina majaribio ya bure, na sisi ndio wasahaulifu wenyewe. Kufuta programu hakusitishi makato. Ghairi saa ileile uliyojiunga: Play Store, picha yako, Malipo na usajili. Kwa kawaida utaendelea kuitumia mpaka siku za majaribio ziishe.