Droo iliyogoma kufunguka
Kabati langu la mninga nililitengeneza kiangazi, nikajisifu sana. Masika yalipoingia, droo ikagoma. Jumamosi wenzangu wa useremala wa kujifurahisha walikuja kunywa kahawa, mmoja akaivuta, akacheka: "Kaka, hii umeipiga misumari?"

Mbao ikinywa unyevu hutanuka kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, nami sikuacha nafasi. Tukaitoa kwa kuitikisatikisa. Nikapaka chaki kwenye kingo za juu za mbavu zake, nikaisukuma ndani, nikaitoa tena. Chaki ilikuwa imefutika sehemu moja tu, kona ya nyuma kulia: hapo ndipo ilipokuwa ikikwama. Randa mara tatu, msasa namba 120, kisha nikasugua kipande cha mshumaa. Sasa inateleza kwa kidole kimoja. Kahawa yangu ilishapoa.