Siku Mbili na Kauri za Saxony

Nimelelewa Lamu, katika nyumba ya mawe yenye zidaka za chokaa, na katika zidaka hizo shangazi yangu alipanga mabakuli ya Kichina ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuyagusa hata kwa kuyapangusa vumbi. Pengine ndiyo sababu, nilipopata siku mbili za mapumziko mjini Berlin mwezi wa Oktoba, niliwaacha wenzangu waende kutazama mabaki ya ule ukuta maarufu, nami nikapanda garimoshi la kwenda kusini, hadi Saxony, mahali ambapo Ulaya ilijifunza kutengeneza kauri ngumu kama ile ya Uchina.

Nilianzia Meissen, mji mdogo ulio kando ya mto Elbe, mwendo mfupi wa treni kutoka Dresden. Juu ya mwamba unaoutazama mto imesimama ngome ya Albrechtsburg, na kuifikia ni kupanda ngazi mpaka magoti yalalamike. Kiwanda cha kauri kilianzishwa humo mwaka 1710 na kikabaki humo kwa muda unaozidi karne moja na nusu. Aliyeichagua ngome hiyo hakuwa na haja na madirisha yake mazuri. Alitaka mahali ambapo siri haitatoka.

Mwenye siri alikuwa kijana aitwaye Johann Friedrich Böttger, aliyekimbia Berlin mwaka 1701 baada ya kuvumisha kwamba anajua kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Polandi, alimtia mikononi na kumfungia ili amtengenezee dhahabu hiyo. Dhahabu haikuja. Mtaalamu Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, aliyekuwa amekwisha kufanya majaribio yake kwa miaka mingi, ndiye aliyemwelekeza mfungwa huyo kwenye udongo na moto, na mwaka 1708 wakafanikiwa kuchoma kauri nyeupe kwa kutumia kaolini, udongo mweupe unaostahimili joto linalokaribia nyuzi 1,400. Tschirnhaus alifariki mwaka huohuo. Böttger aliachiwa huru mwaka 1714, akafa miaka mitano baadaye akiwa na umri wa miaka 37. Nilisimama kwa muda katika vyumba vile vyenye dari za matao, na nakiri kwamba sikufikiria vikombe hata kimoja. Nilimfikiria mtu aliyedanganya kuhusu dhahabu, akafungwa kwa uongo wake, kisha akatoa kitu cha kweli.

Siku ya pili nilikwenda Dresden, kwenye jumba la Zwinger, ambamo mkusanyiko wa kauri wa Augustus umehifadhiwa. Ni mkusanyiko wa vipande vipatavyo 20,000, na vinavyoonyeshwa ni sehemu tu. Wakati wa vita vya mwaka 1945 mji ule uliteketezwa kwa mabomu, na hazina iliyosalimika ikachukuliwa na Wasovieti, ikarudishwa mwaka 1958. Kilichonishangaza mara nilipoingia ni jinsi vyombo vilivyopangwa ukutani, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kwenye kikalio chake kidogo chenye dhahabu. Nikacheka peke yangu, kwa maana mpango ule niliujua tangu utotoni. Mababu zetu waliweka mabakuli ya Kichina ndani ya zidaka, na wakayapachika hata kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi. Hata jina tunalishirikiana kwa namna fulani: kwa Kiswahili kauri ni chombo na pia ni simbi wa baharini, na Waitaliano nao walikiita chombo hicho kwa jina la simbi huyohuyo, porcellana.

Katika ukumbi mmoja yamesimama matungi makubwa ya Kichina, ya buluu na nyeupe, yenye vifuniko. Mwaka 1717 Augustus alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi, bila farasi wao, akapokea vipande 151 vya kauri. Matungi hayo yanaitwa hadi leo kwa jina la askari hao. Mgeni aliyekuwa kando yangu aliyasifu kwa urefu wake; mimi, mtu wa pwani ambako watu waliwahi kubadilishwa kwa bidhaa, sikuweza kuyasifu.

Lakini nilikaa zaidi kwa wanyama. Augustus aliagiza wanyama wa kauri wenye ukubwa karibu na wa kweli kwa ajili ya kasri lake jingine, na kazi hiyo ikawaangukia wachongaji Johann Gottlieb Kirchner na Johann Joachim Kändler miaka ya 1730. Udongo ni mnene, hukauka kwa viwango tofauti, kisha husinyaa tanurini, hivyo karibu kila mnyama ana nyufa, nyingine pana kiasi cha kuingia kidole. Mbuzi jike wa Kändler, amelala na mwanawe akinyonya, amepasuka ubavuni, na bado anamgeukia mtoto kwa upole ambao sijauona katika vile vyombo vya mezani vya Kändler vinavyosifiwa kote, vilivyojaa samaki na batamaji, na visivyo na ufa hata mmoja.

Karibu naye yuko kifaru wa Kirchner, aliyenakiliwa kutoka mchoro wa Albrecht Dürer wa mwaka 1515, na Dürer mwenyewe hakuwahi kumwona kifaru. Ana magamba kama deraya, na pembe ndogo juu ya mabega. Niliwapiga picha wote wawili, nikamtumia shangazi. Jibu lake lilifika nikiwa kituoni nangoja treni: "Mwanangu, huyo mbuzi nimempenda, mwambie anayemtunza asimzibe ufa. Lakini huyo mwingine, pembe ya mgongoni ni ya kumchoma nani?"